Maswali ya Wasomaji: Sudoku ni ya Nani Hasa?

Katika toleo lililopita niliandika, kwa sentensi moja tu, kwamba sudoku ilizaliwa Marekani. (Kwa asiyeijua: ni mraba wa vyumba tisa kwa tisa, uliogawanywa visanduku tisa vya tatu kwa tatu. Unajaza vyumba vitupu ili kila safu ya kulala, kila safu ya kusimama na kila kisanduku kiwe na namba 1 hadi 9, kila moja mara moja tu.) Sentensi hiyo imeleta barua mfululizo. Nimechagua tano, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu jambo lenyewe limenikaa rohoni miaka mingi.

*Shikamoo mzee. Mimi na mwenzangu tunakaa meza moja kazini, na kila jarida likitoka tunagombania ukurasa wako wa mafumbo. Yeye anashikilia kwamba sudoku ni mchezo wa kale wa Wajapani, na kwamba jina lenyewe ni ushahidi tosha. Mimi nilisoma kwamba aliyeibuni ni Euler, yule mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18. Sasa wewe unatuambia Marekani! Tuamue tafadhali.* — Wahasibu wawili

Marahaba, wanangu. Kila mmoja wenu ana kipande cha ukweli mkononi, lakini hakuna aliyeshinda.

Tuanze na Euler, maana hoja yake ina uzito. Leonhard Euler alizaliwa Basel mwaka 1707, na miaka yake ya mwisho aliishi St Petersburg akiwa karibu kipofu kabisa, anakokotoa kichwani huku wengine wakimwandikia. Mwaka 1779 aliwasilisha andiko ambalo lilichapwa 1782. Ndani yake alichunguza miraba ambayo kila alama inatokea mara moja tu katika kila safu ya kulala, na mara moja tu katika kila safu ya kusimama. Alitumia herufi za Kilatini, ndiyo maana hadi leo inaitwa miraba ya Kilatini. Ukisikia maelezo hayo juu juu unaweza kuapa kwamba ni sudoku.

Lakini chukueni kalamu mjaribu wenyewe. Choreni mraba wa vyumba tisa kwa tisa. Safu ya juu andikeni 1 hadi 9. Safu ya pili anzeni na 2, mfike 9, mmalizie na 1. Ya tatu ianze na 3, imalizie na 1 na 2, hivyo hivyo mpaka chini. Dakika tatu hazitafika, na mtakuwa mmekamilisha mraba wa Kilatini usio na kasoro hata moja. Sasa tazameni kile kisanduku cha vyumba tisa kilichopo kona ya juu kushoto: 1, 2, 3, chini yake 2, 3, 4, chini yake tena 3, 4, 5. Namba 3 imekaa humo mara tatu, na 6 haimo kabisa. Euler angeupokea mraba huo. Mchezaji yeyote wa sudoku angeukataa palepale.

Hapo ndipo penye tofauti yote. Visanduku vile tisa ndivyo vinavyokuumiza kichwa asubuhi, kwa sababu vinazifanya safu ziingiliane: 5 uliyoiweka kona ya juu kulia inafunga milango ya 5 nyingine ambayo hukuifikiria kabisa. Tena Euler hakuchora mraba wenye nafasi tupu akamwambia mtu ajaze. Yeye alikuwa na swali jingine kabisa, nitalieleza chini kidogo katika barua ya mama mmoja.

Hata miraba yenyewe si yeye wa kwanza kuichora. Nchi za Kiarabu zilikuwa na miraba ya herufi na namba kwenye hirizi karne nyingi kabla yake. Na huko Korea, Choi Seok-jeong alichapisha kitabu mwaka 1700 chenye mraba wa Kilatini wa tisa kwa tisa. Euler alikuwa hajazaliwa.

Wafaransa nao walikaribia kwa namna inayonishangaza kila nikiikumbuka. Tarehe 6 Julai 1895 gazeti la *La France* lilichapa mraba wa tisa kwa tisa wenye namba 1 hadi 9, baadhi ya vyumba vikiwa vitupu, na masharti ya safu kama tunayoyajua, na ya mishazari juu yake. Visanduku havikuchorwa. Ila ukikagua jibu unakuta kila kisanduku kina namba zote tisa! Walikuwa wameshika kitasa cha mlango. Mafumbo ya aina hiyo yalitoka kwenye magazeti ya Paris kwa miaka kadhaa, kisha yakatoweka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Sudoku tunayoijua sisi, yenye visanduku vyake na sharti lake la tatu, ilichapwa mara ya kwanza Mei 1979 katika jarida la Kimarekani la mafumbo lililoitwa *Dell Pencil Puzzles and Word Games*. Jina lake lilikuwa *Number Place*, yaani mahali pa namba. Chini ya fumbo hapakuwa na jina la mtunzi.

Basi alijulikanaje? Hili ndilo nililotaka kuwasimulia. Will Shortz, mhariri wa mafumbo wa gazeti la *New York Times* na mkusanyaji mkubwa wa majarida ya zamani, alikaa na matoleo ya Dell akayalinganisha. Mwanzoni mwa kila toleo palikuwa na orodha ya watu waliochangia mafumbo, bila kuonyesha nani alitunga lipi. Shortz akaona kwamba kila toleo lenye *Number Place* lina jina la Howard Garns kwenye orodha, na toleo lisilo na fumbo hilo halina jina hilo. Ametumia mbinu ileile unayoitumia wewe kwenye sudoku: huyu hawezi kukaa hapa, yule hawezi, amebaki mmoja.

Howard Garns alikuwa msanifu majengo. Alizaliwa Connersville, jimbo la Indiana, mwaka 1905, na fumbo lake lilipotoka alikuwa mstaafu wa miaka 74. Mimi sioni ajabu kwamba kazi hiyo ilifanywa na mtu wa ramani za nyumba. Wanahisabati waliutazama mraba miaka mia mbili wakaona safu. Mtu aliyezoea kugawa nafasi kubwa kwa kuta akaona vyumba ndani ya vyumba.

Alifariki Indianapolis mwaka 1989. Miaka 15 baadaye fumbo lake lilikuwa mikononi mwa abiria kwenye treni na wagonjwa wanaosubiri daktari, dunia nzima, na yeye hakuona hata siku moja ya hayo. Nimetunga mafumbo kwa penseli na kifutio kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na habari hii bado inanichoma.

*Mzee wangu, neno sudoku maana yake nini? Na kama fumbo ni la Marekani, jina la Kijapani lilitoka wapi?* — Mwanafunzi wa chuo

Mwanangu, neno hili ni sentensi iliyokatwa. Kampuni ya Nikoli ya Tokyo, inayochapisha mafumbo, ililichapa fumbo la Dell katika jarida lake Aprili 1984. Mkuu wake, Maki Kaji, alilipa jina refu: *sūji wa dokushin ni kagiru*. Kwa lugha yetu ni kama kusema namba zote lazima zibaki kapera. Wazo ni kwamba kila namba inakaa peke yake, haipati mwenzi wa kufanana naye ndani ya safu wala ndani ya kisanduku. Baadaye sentensi ikafupishwa kwa kuchukua *sū*, yaani namba, na *doku*, yaani peke yake. Kaji, ambaye alipenda mno mbio za farasi, alisimulia kwamba jina hilo alilibuni kwa sekunde 25 tu kwa sababu alikuwa na haraka ya kwenda kwenye mashindano. Hata Nikoli lenyewe ni jina la farasi aliyeshinda mbio kubwa Ireland mwaka 1980.

Nikoli hawakubadili jina tu. Mwaka 1986 walijiwekea masharti mawili: namba za kuanzia zisizidi 32, na zipangwe kwa ulinganifu, yaani ukiligeuza jarida juu chini, vyumba vyenye namba vibaki palepale. Sharti la ulinganifu halibadili ugumu wa fumbo hata kidogo. Linabadili jicho lako. Unapofungua ukurasa unaona kitu kilichotungwa na mtu aliyefikiri, na nikiliona fumbo ambalo namba zake zimemwagwa ovyo huwa nasita kuchukua penseli. Kwa hiyo mwenzake yule mhasibu asinung'unike sana. Uzuri wa sudoku una mkono wa Wajapani.

Ajabu iliyopo ni kwamba Nikoli waliisajili alama ya sudoku nchini Japani peke yake. Matokeo yake, wachapishaji wengine wa Kijapani hulazimika kutumia jina la Kimarekani, nao wamelifupisha likawa *nanpure*. Wajapani wengi wanacheza fumbo hili kwa jina la Kiingereza, na sisi wengine kwa jina la Kijapani! Kaji alifariki Agosti 2021, akiwa na miaka 69.

Aliyelitoa Japani ni mtu wa New Zealand, Wayne Gould, aliyekuwa jaji Hong Kong. Mwaka 1997 aliingia duka la vitabu Tokyo, akaona mraba uliojazwa nusu, akauchukua bila kujua kusoma Kijapani. Alitumia miaka sita hivi kuandika programu ya kompyuta inayotunga mafumbo hayo. Gazeti la *The Times* la London lilichapa la kwanza tarehe 12 Novemba 2004. Gould aliyatoa bure, gazeti nalo likamtangazia programu yake. Siku chache baadaye magazeti shindani yakafuata, na kufikia katikati ya 2005 lilikuwa limeenea kila bara. Machi 2006 Lucca, Italia, ikawa mwenyeji wa mashindano ya kwanza ya dunia, na bingwa akawa Jana Tylová wa Jamhuri ya Czech. Naye alikuwa mhasibu, wasomaji wangu wa barua ya kwanza!

*Binti yangu wa miaka 12 anaogopa hesabu kuliko giza. Hataki hata kuigusa sudoku akiona zile namba. Nimwambieje?* — Mama wa watoto watatu

Mama, mfutie namba. Mchoree mraba mdogo wa nne kwa nne, wenye visanduku vinne, umpe jua, mwezi, nyota na wingu badala ya 1, 2, 3 na 4. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Namba kwenye sudoku ni majina tu, zimetumika kwa sababu kila msomaji anazijua na ni fupi kuandika.

Akishazoea, msimulie swali la Euler. Kuna maofisa 36, kutoka vikosi sita, kila kikosi kimetoa maofisa wa vyeo sita tofauti. Wapange katika mraba wa sita kwa sita ili kila safu, ya kulala na ya kusimama, iwe na vyeo vyote na vikosi vyote. Euler alishindwa kuwapanga akaamini haiwezekani. Mwaka 1901 Mfaransa Gaston Tarry alithibitisha kwamba kweli haiwezekani, baada ya kukagua mipangilio kwa mkono, aina moja baada ya nyingine. Euler alidhani mraba wa kumi kwa kumi nao ungekataa. Hapo alikosea: mwaka 1959 Bose, Shrikhande na Parker walionyesha kwamba unakubali. Mtoto akijua kwamba hata Euler aliwahi kukosea kwenye mraba, woga utapungua.

Na mwambie miraba hii iliwahi kwenda shambani. Mwingereza Ronald Fisher, aliyefanya kazi kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted kuanzia 1919, aliitumia kupanga majaribio ya mbegu na mbolea. Shamba halilingani rutuba. Upande mmoja una maji, mwingine una mawe. Ukiipanga kila mbolea itokee mara moja katika kila safu, hakuna inayopendelewa na udongo. Mwaka 1956 Mjerumani W. U. Behrens akaongeza sharti kwamba kila moja itokee pia mara moja katika kila kitalu. Ni sharti la visanduku lenyewe, miaka 23 kabla ya Garns, ila lilikuwa kwenye maandiko ya kilimo na halikumsubiri mtu mwenye penseli.

*Nilimaliza fumbo lako la miezi iliyopita, nikalinganisha na jibu mlilochapa, vyumba vinne havikufanana. Nimerudia mara tatu. Langu halina kosa. Inawezekana?* — Fundi umeme

Inawezekana, na kosa ni langu. Nilikulipia kwa usiku mmoja bila usingizi nilipopata barua yako, kwa sababu fumbo lenye majibu mawili ni ahadi iliyovunjwa. Mchezaji anakwenda akiamini kwamba kila chumba kinaweza kujulikana kwa kufikiri, kisha anafika mahali ambapo kufikiri hakusaidii.

Hivi ndivyo ilivyotokea. Katika safu ya kwanza na ya pili za kulala, pale zinapokutana na safu ya nne na ya saba za kusimama, kulikuwa na vyumba vinne. Juu 3 na 7, chini 7 na 3. Ukizibadilisha, juu 7 na 3, chini 3 na 7, kila safu bado ina namba zake na kila kisanduku bado kimetimia. Ilipaswa mojawapo ya vyumba vile vinne iwe namba ya kuanzia. Mimi niliifuta dakika za mwisho ili ulinganifu upendeze, sikukagua tena.

Mtego huu una jambo la kufikirisha. Mraba una vyumba 81. Toa vinne hivyo tu, ubaki na namba 77 zilizokwisha kuandikwa, na fumbo bado lina majibu mawili. Upande wa pili, yapo mafumbo yenye namba 17 pekee na jibu moja tu. Gordon Royle wa Australia amekusanya maelfu kwa maelfu ya hayo yenye 17. Lenye 16 halikuwahi kuonekana, na watu walijiuliza miaka mingi kama lipo. Gary McGuire na wenzake wa chuo kikuu cha University College Dublin walilimaliza swali hilo Januari 2012. Miraba iliyojaa ya sudoku ni 6,670,903,752,021,072,936,960, idadi iliyopatikana mwaka 2005 na Bertram Felgenhauer na Frazer Jarvis. Ukihesabu kuwa ni mmoja ile inayotofautiana kwa kugeuzwa, kupanguliwa safu au kubadilishana majina ya namba, inabaki 5,472,730,538. Kikundi cha Dublin kiliikagua yote kwa kompyuta, kazi ya saa milioni 7 hivi za vichakataji. Hakuna yenye fumbo la namba 16.

Kuna jambo moja dogo unaloweza kulithibitisha mwenyewe bila kompyuta. Katika namba za kuanzia lazima zionekane angalau aina nane kati ya tisa. Tuseme 4 na 9 zote hazimo. Jaza fumbo, kisha kila penye 4 andika 9 na kila penye 9 andika 4. Umepata jibu la pili. Sasa hukagua hilo kwanza, kisha nawinda vyumba vinne vinne, kisha nampa mtu mwingine alitatue bila kumwonyesha jibu.

*Mbona chini ya mafumbo yenu hamwandiki jina la mtunzi?* — Msomaji wa siku nyingi

Umesema kweli, na sina utetezi. Hadithi na mashairi ya jarida hili yana majina ya waandishi, sudoku haina. Nimezungumza na mhariri amekubali. Fumbo la toleo hili lina namba 24 za kuanzia, zenye ulinganifu, limetatuliwa na watu wawili tofauti wakapata jibu moja. Chini yake utakuta jina la aliyelitunga, na mstari mmoja mdogo utakaobaki hapo kila toleo: *Number Place*, Howard Garns, 1979.